Siku Nilikuwa Kizibo ya Pango

Mushenga kazi yake ni kusema pa fasi ya mwingine wakati ya kutafuta bibi. Njo maana bantu banachagula muntu ya mvi, mwenye kusikia neno mubaya na kuimeza sawa dawa. Rafiki yangu alichagula miye.

Site muzima, mutaa yetu yote, ilicheka. Nilikuwa fundi ya kinga, ya baiskeli, pembeni ya soko, kijana tu, hata ndevu ilikuwa bado haijakubaliana fasi gani itaotea. Kama muntu alisema sikutengeneza kinga yake muzuri, nilimurudishia kinga na nilimurudishia maneno, na maneno njo ilikuwa nzito kuliko kinga. Masomo sikupata. Kifaransa nilijifunza mimi mwenyewe mu diksionere moya yenye Muitalia wa duka alikuwa anafungia sabuni. Alishapasula kurasa ya nyuma, alianza ku mwisho, donc mi nilichukua yenye ilibakia, mpaka ku lettre P. Nilijua maneno kubwa-kubwa: abominable, grotte, par conséquent. « Silence » haikukuwamo.

Rafiki yangu alikuwa shofere ya kamyo ya patron moya Mugreki. Ye alikuwa muntu ya kunyamaza. Unaweza kukaa naye kutoka asubui mpaka jua inaangukia, unasema, unasema, na ku mwisho anakuambia, « Ndiyo, » na unajua alisikia yote. Mama yake alishakufa, bajomba bake biko mbali ku kaskazini, mu Élisabethville hakukuwa hata muntu moya ya damu yake. Wakati mi nilifikaka mu site na homa na kikapu ya manguo, ye njo alinipatia kitanda yake, akalala chini. Tangu pale, mwenye kumugusa ye, amenigusa miye. Nilipigana juu yake mara mingi. Mara ingine ye mwenyewe hakujua kama kulikuwa bita.

Alipenda binti moya mushonaji. Na binti alimupenda, hiyo haikukuwa matata. Matata ilikuwa baba ya binti, na kisha baba, matata ilikuwa miye. Siku nilivaa kravate juu ya kuenda kusema, binti aliniita ku mulango, shindano mu mukono.

« Shemeji, sikia. Kama unaharibisha mambo yangu na ile kinywa, nitakushonea yo. Uzi mara mbili. »

« Shemeji, kinywa yangu iko na adabu. »

« Iko nayo, ndiyo. Paka shida inafikaka mbele yako. »

Muzee baba yake alitumika ku treni. Maisha yake yote alitembea pembeni ya mabehewa na nyundo, anagonga gurudumu, anasikiliza. Chuma muzima inalia namna yake, chuma yenye ufa inalia namna yake. Na bantu pia alikuwa anabasikiliza vile. Unamuelezea maneno, ye anaweka kichwa pembeni, ananyamaza, na we unaanza kujiuliza ufa yako iko fasi gani.

Nilisema kabisa siku ile. « Par conséquent » niliiweka fasi tatu, na moya haikukuwa fasi yake. Rafiki yangu alikuwa amekaa nyuma karibu na mulango, uso ku ukuta, juu ya haya ya bukwe. Kwetu mwanaume haangalie baba-mukwe ku macho, hakule naye, hamuguse, hamusemeshe. Njo maana ya mushenga. Miye njo nilikuwa kinywa yake.

« Umemaliza? » Muzee aliuliza.

« Bado, baba. »

« Maliza. »

Nilimaliza. Alingojea kidogo, sawa treni inaweza tena kupita.

« Kule nilizaliwa, ku plato, ku tambarare kule juu, kuko pango moya, » alisema. « Tangu nilishuka kuja kutumika, sijarudia kuiona. Sasa nasikia bazungu banaenda kule kutembea, na mikate mu kikapu, juu ya kuangalia mawe. Mi pia nataka kuangalia. Kamyo ya muntu yako inapandaka ku plato kutafuta maharagi, ao banadanganya, ni bongo? »

« Haiko bongo, baba. Inapanda. »

« Basi anipeleke. We pia utakuya, juu ye hawezi kunisemesha. Mu njia nitamuona ni muntu gani. Tukirudia nitakupatia jibu, na sitairudilia mara mbili: ndiyo ao hapana. »

Rafiki yangu alitoka pale na jasho ku mashati. « Ndugu, » aliniambia, na kwake hii ilikuwa hotuba, « nakuomba. Siku ile, sema kidogo. »

Niliahidi. Nilielezea sana namna nitanyamaza.

Siku ya safari nilijitengeneza. Bantu balisema plato iko na baridi, na mi nilikuwa mwembamba, na mushenga mwembamba hana uzito. Nikavaa mashati mbili, juu yake pulove, juu yake koti. Ku kichwa niliweka kaske mweupe ya kizungu, kubwa kwangu, nikaijaza makaratasi ndani juu isianguke ku macho. Na juu ya nguvu nilikula bukari, ugali yetu, ya bantu babili.

Sasa, mu kamyo kuko kiti moya tu ya mbele. Shofere hawezi kukaa pembeni ya baba-mukwe wake. Muzee hawezi kukaa nyuma ku magunia sawa mbuzi. Nikakaa katikati, ukuta. Tulipita Ruashi, tukashika barabara ya mavumbi, na kazi yangu ikaanza.

« Mwambie apunguze mbio, » Muzee alisema, anaangalia inje.

Niligeukia rafiki yangu, mwenye sikio yake ilikuwa pale-pale karibu na kinywa ya Muzee. « Baba anasema upunguze mbio. »

« Mwambie nimepunguza. »

« Baba, anasema amepunguza. Anasema pia mu Élisabethville yote hakuna shofere mwenye akili kumupita, na hata patron analia kama ye iko mugonjwa, na... »

« Sikusema vile, » rafiki yangu aliambia volan, usukani yake.

« Mwambie nimesikia kama hakusema vile, » Muzee aliambia dirisha.

« Baba anasema... »

« Nimesikia, » rafiki yangu alisema.

Vile mpaka ku plato. Kila neno ilipita kwangu na kila neno niliitia chumvi. Kama Muzee aliuliza kama maji ya motere inatosha, mi nilijibu inatosha, na niliongeza kama rafiki yangu alishavukaka muto na kamyo juu ya mabega. Kwa kila chumvi niliona mikono ya rafiki yangu inakaza volan.

Plato ilikuwa kavu kabisa. Ilikuwa wakati ya kipwa, miezi bila mvula, na majani yote ilishachomwa. Muti hakuna. Upepo ilitoka mbali bila kitu ya kuizuia, na mavumbi ilikuwa inasimama yenyewe na kutembea sawa muntu mwenye kazi. Mi nilikuwa nimesoma juu ya fasi ya vile, lettre D.

« Désert! » nilisema. « Baba, hii ni jangwa! Muntu hawezi kuishi hapa. »

« Mi nilizaliwa hapa, » Muzee alisema.

Rafiki yangu alifunga macho kidogo, na shofere hapana kufunga macho.

Pango ilikuwa chini ya kilima ya mawe, kinywa yake mweusi na pana sawa mulango ya hangari. Mbele yake bazungu babili, bwana na bibi yake, balitandika kitambaa chini na kukula mayai ya kuchemsha. Mara kwa mara bwana alisimama, akaenda ku mulango ya pango, akapiga kelele, « Ohé! » na pango ikamurudishia, na bibi akacheka. Pembeni, ku mukeka, mama moya mufupi, munene, alikuwa amekaa na kikapu ya unga mweupe. Ukoo yake njo ilichunga ile fasi tangu zamani.

Alimuona Muzee, akasimama. « Ee! Haya masikio nayajua! Ni ya baba yako! » Balisalimiana na kupiga makofi, bakaulizana ni nani alikufa, ni nani muzima. Kisha mama aliangalia rafiki yangu, mwenye alisimama mbali juu ya haya yake.

« Baba, we ingia. Na huyu wa kaske, kama ni wako, aingie. Yule shofere abakie. Ni mugeni, na hana muntu hapa wa kumusemea. »

Nilisikia damu inapanda mpaka mu makaratasi ya kaske. Hana muntu? Na miye ni nani? Sikuuliza kitu. Sikungoja hata Muzee afungue kinywa.

« We mama! » nilisema. « Na ile kichwa sawa chungu bachoma na majani mabichi, yenye hata mbwa hawezi kunywea ndani! Unamujua muntu unamukataza? Chungu bila mufiniko! »

Muzungu aliacha yai karibu na kinywa. Muzee aliweka kichwa pembeni, sawa amesikia ufa, na haiko ndogo. Rafiki yangu aliangalia biatu yake. Miye niliona shindano, na uzi mara mbili.

Mama aliweka kikapu chini, polepole.

« Mama yako ni wa ukoo gani? »

« Ya Mvula, » nilisema, na sasa sauti ilikuwa kidogo.

Alipiga makofi moya, akaanguka ku mukeka, mabega inatetemeka. Nilizania analia. Alikuwa anacheka.

« Mvula! Njo maana makelele mingi na hainyeshe! Angalia plato yote imekauka! Ulikuwa fasi gani, muvivu we? Ulilala mu mawingu, unakoroma? »

Ye alikuwa wa ukoo ya Udongo. Bale ba Udongo na bale ba Mvula ni banungwe, bantu ba utani tangu babu ya babu: bamoya banafinyanga chungu, bengine banailoanisha mbele haijachomwa. Bakikutana banapashwa kutukanana. Anaweza kukamata kitu yako, na hauna ruhusa ya kukasirika. Kila mutoto ku mugini anajua vile. Mi nilizaliwa mu kambi ya batumishi, hakuna mwenye alinifundisha. Nilimutukana na hasira tupu, na ikatoka adabu, safi kabisa.

« Mutukane tena, » Muzee alininong'oneza. « Moya haitoshi. »

Voilà. Maisha yangu yote bantu baliniomba ninyamaze. Siku ile muntu mukubwa, mwenye heshima, aliniomba nitukane, na mbele ya kila muntu. Kichwa yangu ikawa tupu sawa ngoma. Nilitafuta ku A, nilitafuta ku P.

« Mama, » nilisema, « uko... mufupi. »

Hata muzungu alinisikilia huruma.

« Masikini, » mama alisema, « hata matusi yake imekauka. » Akanyoosha mukono, akatoa kaske ku kichwa yangu, makaratasi ikaruka na upepo. « Hii nachukua. Kuku yangu inatafuta fasi ya kutagia. » Nilipata ile kaske kwa jasho yangu. Nilicheka, juu ni sheria, na meno ilikuwa inaniuma.

Mais alikubali. Nungwe akisema juu ya muntu, amesema. Alitupaka unga ku paji ya uso, rafiki yangu pia, akatupatia sheria: ndani hakuna maneno. Husemi, hushangai, huonyeshi kitu na kidole. Mwenye kushangaa, njia inamusahau.

« Na bale bazungu banapiga kelele? »

« Bale pango haibajue. We inakujua sasa. »

Tuliingia. Muzee mbele na lampe ya karbire, miye katikati, rafiki yangu nyuma. Niseme namna gani? Pumzi ya baridi ilitoka ndani, polepole, sawa fasi ilikuwa inalala. Popo ilikuwa inaning'inia kule juu, na arufu yake inachoma pua. Kisha mulango, mawe inashuka kutoka juu, meupe, ndefu, sawa mushumaa imeyeyuka kichwa chini, na ingine inapanda kutoka chini kuitafuta, na fasi ingine ilishashikana, ikakuwa nguzo. Maji ilikuwa inadondoka. Inje hakukuwa hata tone, kumbe maji yote ya plato ilijificha mule. Fasi moya juu kulikuwa tundu, na jua ilishuka mu ile tundu sawa kamba, mavumbi inacheza ndani yake. Maneno ilinijaa mpaka ku meno. Nilimeza « abominable ». Nilitaka kujua kama inafaa, hakukuwa muntu wa kuuliza.

Ku mwisho ya ile nyumba ya mawe kulikuwa tundu ndogo, chini, ya kupita na tumbo. Nyuma yake, Muzee alikuwa ameniambia mu njia, kuko kisima ya maji. Mama yake alimuogeshaka mule wakati alikuwa mutoto. Ile njo alikuya kuona. Alisukuma lampe mbele, akateleza ndani sawa mujusi, akapotea.

Miye nikafwata. Kichwa ilipita. Mabega ilipita. Kisha koti, pulove, mashati mbili na bukari ya bantu babili ikakutana na jiwe, na jiwe haikusogea.

Nilisukuma, nikakaza zaidi. Upande ya kule mikono yangu iligonga lampe, ikaanguka, ikazimika. Kiza. Muzee upande moya, bila mwanga. Rafiki yangu upande ingine. Na mu tundu yenyewe, njia moya tu ya kutokea, miye, kizibo. Muntu mwenye alisema miaka yote bila kuombwa, siku yenye iko na kitu ya kusema, hana ruhusa.

Nilisikia mikono ku miguu yangu: rafiki yangu anavuta. Wakati ule-ule mikono ku mikono yangu: Muzee anavuta. Nilikuwa narefuka. Nililia ndani, bila sauti. Bakaacha. Nilisikia Muzee anapumua mufupi-mufupi, pumzi ya muzee mu kiza, na pale woga ilinikamata kabisa, haikukuwa tena juu yangu, ilikuwa juu yake.

Ko.

Ilikuwa nyuma yangu. Rafiki yangu aligonga ukuta na jiwe. Moya tu. Kisha akangoja.

Pumzi ya Muzee ilisimama. Najua aliweka kichwa pembeni.

Ko, upande yake.

Ko-ko, rafiki yangu aligonga, na aliacha miguu yangu. Pumzika. Ko, na akavuta. Na pale Muzee akaelewa, akaacha kuvuta, akanisukuma ku mabega. Ko-ko, bote bakapumzika. Ko. Ko-ko. Namna ile bantu ba treni banasukuma behewa, namna shofere anapiga matairi. Rafiki yangu alipitisha mukono chini ya tumbo yangu, akafungua vifungo ya koti kimoya kimoya, bila haraka, sawa anavulisha mutoto mwenye amelala. Kama nilishituka, alingoja. Siku muzima miye njo nilibeba maneno yabo, na chumvi yangu. Sasa haya iliwakataza kusemeshana, pango ikawakataza kusema, miye nikawa mufiniko katikati yabo, na banasikilizana muzuri kuliko mu kamyo.

Ko ya mwisho, jiwe ilibakia na koti na pulove na kitako ya suruali, miye nikatoka na yenye ilibakia.

Rafiki yangu hakuniangalia. Alijilaza pale chini, akatoa kiberiti yake ya mu mufuko, akainyoosha ndani ya tundu mpaka mwisho ya mukono, akaiweka ku jiwe, akarudisha mukono. Hakumugusa. Tulisikia vidole vya Muzee vinatafuta, vinapata. Mwanga ilirudia kule nyuma. Tulizania atatoka mara moya. Hakutoka. Tulisikia hatua yake inaenda mbali, ku kisima, na maji inachezwa polepole. Tuliketi mu kiza, tukangoja. Mi pia niliketi bila neno. Inawezekana, kumbe.

Wakati Muzee alitoka, uso yake yote ilikuwa maji.

Inje mama wa Udongo aliniona na mashati iliyopasuka, mavumbi mpaka mu masikio, mikono nyuma juu ya kufunika suruali. « Mvula imetoka bila mawingu! » alipiga kelele, na bazungu bakacheka bila kuelewa, na miye nikacheka, juu ni sheria. Kuku ilishaingia mu kaske.

Tulipakia maharagi, tukashuka. Nilikuwa tena katikati, nimefungiwa gunia ku kiuno. Sikuuliza jibu. Niliogopa nikifungua kinywa itatoka matusi ao lettre A yote. Ku musinuko ya plato barabara inateremka na kupinduka, kamyo ilianza kukimbia na uzito yake.

« Mwambie apunguze mbio, » Muzee alisema, anaangalia inje.

« Baba anasema upunguze mbio. »

« Mwambie nimepunguza. »

« Baba, anasema amepunguza. » Na nikaishia pale.

Muzee alingoja chumvi. Haikukuya. Aliniangalia kidogo, akarudisha macho ku dirisha.

« Mwambie apunguze tena. Sitaki mutoto wangu awe mujane mbele ya harusi. »

Kinywa yangu ilifunguka. Nilikuwa na la kusema, Mungu anajua, nilikuwa na la kusema mpaka Élisabethville na kurudia.

« Baba anasema, » nilimwambia rafiki yangu, « upunguze tena. Hataki mutoto wake awe mujane mbele ya harusi. »

Rafiki yangu alinyoosha kidole, akagonga chuma mbele ya volan. Ko. Muzee aligonga mulango upande yake. Ko.

Na alipunguza, yule muntu. Alipunguza mpaka mwanaume moya ku kinga, na gunia ya makala nyuma, alitupita ku kilima ya kwanza ya kupanda, akaangalia mu dirisha juu ya kuona kama tumekufia njiani. Niliona munyororo ya kinga yake imelegea, itatoka mbele ya kilima ya pili. Nikamupungia mukono tu.